Mashine Iliyosahau Pa Kuanzia

Vumbi likiungua ndani ya mashine lina harufu yake. Si moshi, si plastiki. Ni kama nguo iliyokaa sandukuni miaka, halafu ukaipiga pasi bila kuikung'uta. Juzi binti yangu alileta nyumbani kompyuta ya mitumba, ile ya kufunga na kufungua kama kitabu. Akaichomeka, ikapumua hiyo harufu, kioo kikabaki cheusi chenye maneno meupe machache. Akaanza kuipigapiga ubavuni kama mtu anayemwamsha mlevi.

Nilikuwa na mjukuu mgongoni, namtuliza. Nikamwambia, "Wacha kuipiga. Haijafa. Imesahau tu pa kuanzia."

Akanigeukia akanitazama kwa mshangao. Mimi nauza nyanya na vitunguu, na shule niliiacha darasa la nne. Anajiuliza haya mama ameyatoa wapi. Sikumjibu, maana ukimjibu mtoto kila anachouliza chakula hutakipika. Lakini tangu siku hiyo Tantine, shangazi yangu, hajanitoka kichwani, na nyie wa umri wangu mliokulia Mbugangari, pale Gisenyi mpakani, mtanielewa nikisema kwamba kuna mtu anakulea muda mfupi tu na bado alama yake inabaki kwenye mwili wote.

Miaka ile hamhitaji kuelezwa. Milima ilikuwa hailali kwa vita, watu wa Cyanzarwe huko juu walishuka mjini na magodoro kichwani, na barabara zilifungwa leo zikafunguliwa kesho. Nyumbani tulikuwa wawili, Baba na mimi. Mama tulimwacha upande wa pili wa mpaka, kwenye mawe meusi ya volkano, kipindupindu kilipopita katika mahema ya wakimbizi. Baba alikuwa fundi wa magari, uani kwetu palijaa vyuma na mafuta yaliyomwagika. Alijua kupika maharage na ugali, basi. Kusuka hakujua, kwa hiyo kila Jumamosi alinikalisha kwenye tairi akaninyoa kichwa kwa wembe, kimya, kama anayekwangua rangi ya mlango wa gari. Siku hizi watoto wanaulizwa wanahisi nini. Sisi tuliulizwa kama maji yameshachotwa.

Siku Tantine alipofika nilikuwa nachota hayo maji. Nilimwona anapanda njia kutoka barriere ndogo, kile kizuizi cha mpaka wa Goma, mfuko kichwani, na mgongoni amefunga kitu kwa kitenge, amekifunga vizuri, fundo kifuani. Nikatupa kidumu nikakimbia nikipiga kelele, "Tantine ameleta mtoto! Tantine ameleta mtoto!"

Majirani wakatoka. Yeye akacheka mpaka mfuko ukayumba kichwani. "Hata askari pale kwa mpaka aliniomba amuone mutoto. Nikamufungulia. Akaniuliza, mama, huyu amefanana na nani?"

Ilikuwa mashine, kompyuta ya kufunga na kufungua kama hii ya binti yangu. Ya kijivu, nene kama mkate wa familia, kona moja imevunjika, imebandikwa plasta ya hospitali. Tantine alikuwa amefanya kazi ya kupiga chapa Goma katika ofisi ya wageni. Ofisi ilipofunga, mzungu mmoja akamwachia mashine yake ya zamani, akamwonyesha mara moja jinsi ya kuiwasha, akapanda gari akaenda zake.

Tantine alikuwa dada yake Baba, mdogo wake. Alibatizwa Odeta. Alipoolewa Goma na Mwislamu wakampa jina la Zaina, na mume alipofariki akabaki na majina yote mawili na nyumba mbili zinazomvuta. Baba alimwita Odeta hata mbele ya watu wa Goma, kwa makusudi. Upande ule walimwita Zaina, nao kwa makusudi.

Nitasema jambo lilivyokuwa, sitalipamba. Shemeji yake, Amisi, mdogo wa marehemu, alikuwa na mama mzee asiyeweza tena kujigeuza kitandani. Alitaka Zaina arudi amtunze. Si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alikuja na mikate na sukari, akakaa kwenye benchi letu, akaongea na Baba kwa heshima zote. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia.

"Hapa atafanya nini, kaka? We uko na magari yako, na mutoto mumoja. Kwetu kuna nyumba yake."

"Anasema atatafuta kazi na hiyo mashine," Baba akajibu.

"Bon. Akipata kazi, mi nitanyamaza. Akikosa, mvua zikikatika nitakuja kumuchukua. Ni sawa?"

Baba akasema ni sawa. Wakapeana mikono. Kwetu mikono ikishapeanwa hivyo hakuna anayesema alikuwa anatania.

Nilitaka abaki. Sikuwahi kutaka kitu namna ile. Alikuwa ameshaniambia nisinyolewe tena, na kila jioni alinipaka mafuta kichwani akisema nywele zinasikia zikiitwa. Chai yake ilikuwa na tangawizi. Alilala nami kitanda kimoja, na miguu yake ilikuwa ya baridi, na alinipachika ile miguu kwenye tumbo langu bila kuniomba ruhusa. Mtu anayekufanyia hivyo humwachi aondoke.

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa juu ya ile mashine. Na mashine ilikuwa mgonjwa.

Ugonjwa wake ni huu. Batiri yake kubwa ilikuwa imekufa, ilikula umeme wa ukutani tu. Umeme ukikatika, ilizima palepale. Hilo si kitu, taa pia inazima. Lakini ukirudi, mashine iliamka bila akili. Ilikuwa imesahau leo ni siku gani. Ilidhani ni Januari ya kwanza ya mwaka wa zamani sana, mimi nikiwa bado sijazaliwa. Na ilisahau pa kuanzia. Badala ya kuanzia ndani mwake, palipo na kazi zake zote, ilikimbilia kwenye tundu la disketi, pale ubavuni, ikitafuta humo. Krr, krr, krr. Ikikuta disketi ya mteja imeachwa humo ilisimama hapohapo ikalalamika kwa Kiingereza na haikusogea tena.

Baba aliisikiliza siku ya kwanza, akainamisha sikio kama anavyosikiliza injini.

"Batiri," akasema.

"Batiri imekufa tangu Goma, hiyo najua," Tantine akamwambia.

"Si hiyo kubwa. Ndani kuna kadogo ka kutunza akili. Lazima. Kitu hakiwezi kukumbuka kama hakina batiri. Lete nifungue."

"Na hayo mafuta ya mikono? Usiguse!"

"Odeta, mimi nafungua injini za malori."

"Hii si lori. Toka hapa."

Leo najua kwamba Baba alisema kweli. Lakini hiyo batiri ndogo isingepatikana mjini kwetu, na angeifungua angebakiwa na misumari mkononi. Tantine alikuwa na dawa yake. Jina la mashine likitokea kioo kikiwa bado cheusi, ulikuwa na nafasi ya kupepesa macho tu kubonyeza batani moja ya juu. Ukichelewa, unazima unaanza upya. Ukiwahi, ulifunguka ukurasa wa bluu umejaa Kiingereza. Tantine alijua Kifaransa vizuri, Kiingereza hakujua hata salamu. Alikuwa ameshika njia kwa vidole: mishale inaenda kulia, inashuka, inabadilisha, inarudi. Mahali pamoja unaipa siku na saa. Mahali pengine unaiambia ianzie ndani kwanza, tundu la disketi baadaye. Halafu unabonyeza ya kuweka, unakubali, na mashine inaamka na akili zake.

Alinifundisha hivi. Nywele zangu zilipofika urefu wa kushikika, alinikalisha kati ya magoti yake, mashine juu ya kigoda mbele yangu, na akawa ananisuka huku nikiiamsha. Mstari wa nywele ukienda kulia, na mimi naenda kulia. Akishusha msuko kuelekea shingoni, nashuka. Akifika mahali pa kubadilisha alinivuta kidogo, kama anavyovuta mtu akitaka kukaza fundo. Nikikosea alifumua. Nilikuwa natoka machozi, lakini nilijua mapema kuliko nilivyojua kusoma saa.

"Kwa nini inasahau?" nilimuuliza siku moja.

"Imekatwa courant, huo umeme. Ukikatwa ulipochomekwa, unasahau. Ni hivyo tu."

Alisema tu, alikuwa anatafuta kitana. Mimi nililichukua neno zima na kulibeba. Usiku mzima... hapana, sitasema uongo, nililala. Lakini asubuhi niliamka na hofu. Tantine alikuwa amekatwa Goma, amekatwa kwa mume wake, amechomolewa akaletwa hapa. Basi anaweza kuamka siku moja bila akili, adhani ni mwaka wa zamani na yeye ni Zaina, avae viatu, ashuke njia ya barriere bila kunitazama. Si kwa ubaya. Kwa kusahau tu.

Nikaanza kumwekea akili. Kila asubuhi, kabla hajafumbua macho, nilimwinamia sikioni nikamwambia polepole: "Tantine, leo ni Jumanne. Uko Gisenyi, kwa kaka yako. Jina lako Odeta. Unaanzia hapa."

Mara ya kwanza alishtuka. Mara ya pili alisikiliza, macho yamefungwa. Halafu akauliza, "Na chai iko wapi?"

Hakunicheka, wala hakumwambia Baba. Kuna asubuhi moja nilichelewa kuamka, jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Nikamkuta amelala chali, mikono kifuani, macho yamefumbwa lakini kope zinacheza. "Tantine, hujaamka?"

"Nitaamkaje? Hujaniambia niko wapi."

Kazi zilikuja kidogo kidogo. Kadi za harusi. Tangazo la kwaya. Mtu wa boti aliyetaka sheria za boti yake ziandikwe vizuri, ya kwanza ikiwa hakuna kupigana majini. Tantine aliandika, akapeleka disketi kwa mtu mwenye kuchapisha pale mjini. Alijifunzia kazi yake kwenye mashine za chuma za zamani, kwa hiyo alizipiga zile batani kwa nguvu kama anatwanga, na Baba alisema kelele yake inamfukuzia wateja wa magari. Lakini kadi za harusi si kazi. Amisi alisema kazi, na wote tulijua maana yake ni mahali pa kwenda asubuhi na kurudi jioni.

Mvua zikaanza kukatika. Niliziona zinavyokatika. Nilikuwa mtoto pekee Mbugangari aliyeombea matope.

Ndipo ikasikika kwamba ofisi moja ya kugawa mbegu kwa waliorudi mashambani inatafuta mtu mwenye mashine yake, kwa kuwa ya kwao haijafika. Tantine akaenda akajitambulisha. Mkubwa wa ofisi, Bwana Fredi, alikuwa amekulia Uganda, kijana bado, shati limenyooka. Akasema atakuja nyumbani aione hiyo mashine ikifanya kazi. Na siku aliyochagua ilikuwa siku ileile Amisi aliyotuma salamu kwamba atavuka kuja kumchukua Zaina. Mmoja asubuhi, mwingine mchana.

Asubuhi hiyo umeme ulikatika tukiwa tunafagia. Tantine alikaa akaitazama taa. Umeme ukarudi Bwana Fredi akiwa tayari yuko langoni anapitisha viatu vyake katikati ya mafuta ya Baba. Tantine akatoka kumpokea, akanirushia maneno begani: "Furaha, iamshe. Uiwekee saa."

Siku zote saa aliniambia yeye. Siku hiyo alikuwa anamuuliza mgeni habari za nyumbani. Nikachungulia dirishani. "Baba, saa ngapi?"

Baba alikuwa chini ya gari. Akatoa kichwa, akatazama kivuli cha ukuta. "Saa mbili."

Nikaandika mbili. Mashine ikaamka vizuri.

Bwana Fredi akaketi, akaweka disketi yake, akatoa karatasi ya kunakili, mambo ya maharage na mahindi na lini yapandwe. Tantine akaitwanga, akabonyeza ya kuweka. Hakuangalia vidole hata kidogo. Yule kijana akatikisa kichwa, amependa. Halafu akainama karibu na kioo.

"Madam. Hii mashine inasema ni usiku."

"Usiku gani?"

"Usiku wa manane. Tazama hapa chini. Inasema watu wamelala."

Sauti ya Baba ikatoka chini ya gari. "Nani amelala? Saa mbili nimesema mimi mwenyewe! Jua si hilo?"

"Mzee, mbili ya mashine ni nane ya usiku. Asubuhi hii ilitakiwa iandikwe nane."

"Nane? Nane watu wanakula!"

"Si nane ya kula, mzee. Nane ya asubuhi."

"Asubuhi haina nane!" Baba sasa alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na spana. "We kijana, jua linachomoka, tunahesabu moja, mbili. Hiyo mashine inaanza kuhesabia wapi?"

"Katikati ya usiku, mzee."

"Nani yuko macho wa kuhesabu?"

Bwana Fredi alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Tantine akacheka. Hata mimi, ingawa nilikuwa najua kosa ni la kidole changu. Na hapo ndipo ilipoharibika, maana alipomaliza kucheka akauliza kwa utaratibu, "Lakini madam, kwa nini mtoto anaipa saa? Yenyewe haijui?"

Nikamwangalia Tantine. Angeweza kusema neno lolote. Mgeni asingejua.

"Haijui," akasema. "Courant ikienda, inasahau. Siku, saa, na pa kuanzia."

Yule kijana akarudisha mgongo nyuma. Uso wake ulibadilika, si kwa hasira, kwa huruma, na hiyo ni mbaya zaidi. "Na kazi yangu je? Hapa umeme unakatika kila mara. Watu wanangoja mbegu. Mashine inayosahau, nitaipaje majina ya watu?"

Nje kuku walikuwa wanaparua. Baba aliitazama spana yake.

"Furaha," Tantine akasema. "Chomoa."

Sikuelewa.

"Chomoa waya ukutani."

"Odeta, una wazimu?" Baba akasema.

"Chomoa, mama."

Nikachomoa. Kioo kikafa na ile karatasi nzima ya maharage ndani yake. Bwana Fredi alitoa sauti ndogo.

"Sasa chomeka. Uiamshe kama kila siku."

Nilichomeka. Jina la mashine likatokea, nikachelewa. Krr, krr, krr. Ikakimbilia kwenye disketi ya Bwana Fredi, ikasimama, ikalalamika kwa Kiingereza. Yeye alikuwa anakijua Kiingereza. Akasoma, akapumua, akatazama mlango. Nikazima. Nikawasha tena, nikawahi batani. Ukurasa wa bluu ukafunguka, na kichwani kwangu hapakuwa na kitu. Njia yote ilikuwa imefutika. Niliona tu mistari na mistari, na kando ya mistari mvua iliyokatika, na njia ya barriere.

Tantine akasogeza kiti nyuma yangu.  Vidole vyake vikaingia kwenye nywele zangu, zilizokuwa zimeshasukwa, akapita juu ya misuko kana kwamba anaanza upya. Kulia. Nikaenda kulia. Akashuka kuelekea shingoni, nikashuka. Akavuta kidogo, pale pa kubadilisha. Nikabadilisha. Alikuwa anapumua juu ya utosi wangu, na pumzi yake ilikuwa na tangawizi. Ianzie ndani kwanza. Nikaweka. Nikakubali.

Mashine ikaguna, ikaamka. Tantine akaifungua ile kazi. Maharage yakatokea, mahindi yakatokea, mstari kwa mstari, mpaka pale alipokuwa ameishia.

"Inachosahau ni mlango," akamwambia. "Vyombo vya nyumba viko palepale. Na mlango tunaufungua sisi."

Bwana Fredi alisoma karatasi yake yote kwenye kioo, kidole kikifuata. Halafu akatoa disketi akaiweka mfukoni.

"Uje Jumatatu. Saa mbili kamili."

"Ya kwako ao ya kaka yangu?"

"Ya kaka yako, madam. Ya kwangu mtakuwa mmelala."

Alipoondoka, Tantine alikaa chini sakafuni palepale, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Baba alisimama mlangoni muda mrefu. Nilifikiri atasema jambo. Akasema, "Kuna mafuta kwenye zulia," akarudi kwenye gari lake.

Mchana Amisi akaja. Kanzu safi, kofia, na kijikapu cha maembe kwa ajili yangu. Nilimwona tangu njia inapokata. Nikamkimbilia Tantine ndani. Alikuwa ameketi mezani, mashine imefunguliwa mbele yake, ila umeme ulikuwa umeshakatika tena na kioo kilikuwa cheusi tii. Akaweka kidole mdomoni.

Tukasikia salamu. Zilikuwa ndefu, hali ya nyumbani, hali ya mama mzee, hali ya njia. Baba alizijibu zote bila kuruka. Halafu Amisi akasema, "Donc, kaka, mvua zimekatika. Nimekuja kwa Zaina."

"Odeta yuko kazini," Baba akasema.

"Kazini wapi? Wameniambia yuko hapa ndani."

"Yuko kazini."

"Kaka, tulipeana mikono."

"Tulipeana. Ulisema akipata kazi utanyamaza." Baba alikuwa amesimama katikati ya mlango, nilimwona mgongo, mikono yake myeusi imeshika miimo miwili. Hakupandisha sauti. "Amepata. Sikiliza."

 Tantine akanitazama, macho yamejaa, mdomo unataka kucheka. Akainua mikono yote miwili juu ya ile mashine iliyokufa, isiyo na umeme, isiyo na siku wala saa, akaanza kuipiga. Aliipiga kwa nguvu zake zote, haraka haraka, batani zikalia kama mvua kwenye mabati, mstari baada ya mstari juu ya kioo cheusi, na hakuacha mpaka tuliposikia Amisi anaweka chini kijikapu cha maembe na kumwambia Baba, kwa sauti ya chini ya kutosumbua mtu aliye kazini, kwamba basi atampelekea mama salamu.